Tupeane uzoefu: masoko ya takwimu za wachezaji wa NBA, nyie mnaangalia nini?

Mwanzisha mada, Columbus, Ohio
Wakuu, habari zenu. Masoko ya ubashiri kama Kalshi hayaishii tena kwenye uchaguzi, sasa yamefika hadi pointi, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtu kukosa kikapu) na asisti (pasi zinazozaa kikapu) za mchezaji mmoja mmoja wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kwa wageni: swali ni kama "Fulani atafunga pointi 25 au zaidi?" Unanunua ndiyo au hapana. Ndiyo ikiuzwa senti 62, ikitimia unalipwa dola 1, isipotimia umeliwa zote. Maana yake soko linaona uwezekano ni kama asilimia 62.

Mimi naanza na dakika, wastani wa pointi baadaye. Kuna usiku nilishika "ndiyo" ya nyota mmoja, hadi mapumziko ana pointi 19. Timu yake ikaongoza kwa pointi karibu 30, robo ya nne kocha akamweka benchi na taulo mabegani. Alikuwa wa moto kweli, lakini dakika ziliisha. Tangu hapo, mechi ya timu kali na kibonde naiogopa kuliko beki yeyote. Wengine leteni yenu.

Mchangiaji, Dallas
Mimi niko kwenye asisti. Nikola Jokić, nyota wa Denver, msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2. Ukiona 10.2 unadhani asisti 10 ni za uhakika kila usiku. Hapana. Pasi inakuwa asisti pale mwenzake anapofunga, kwa hiyo kwanza natazama nani wanacheza naye. Mtupaji mzuri wa pointi tatu akikosekana, natafuta "hapana".

Mchangiaji, Dar es Salaam
Mimi sinunui, ila mdogo wangu yuko Minneapolis na ananiuliza sana kwa sababu mechi sikosi. Zile za saa 1 usiku za New York huku ni saa 9 usiku wakati wao wa baridi, naamka. Ninachomsisitizia ni vikosi, vinavyotangazwa nusu saa kabla ya mechi. Aliyeandikwa "mashaka" kwenye ripoti ya majeruhi akithibitishwa kukaa nje, bei za wenzake zinaruka palepale. Ukichelewa kidogo, unanunua habari ambayo kila mtu anayo.

Mchangiaji, Toronto
Wakuu, mimi nina uchungu na hili. Tarehe 20 Machi 2024 Jontay Porter wa Raptors, timu yangu, alicheza dakika 3 tu dhidi ya Sacramento, akatoka akisema anaumwa. Kumbe kuna mtu alikuwa ameweka dola 80,000 kwamba takwimu zake zitakuwa chini, apate zaidi ya dola milioni 1. Malipo yalizuiwa. Aprili NBA ikamfungia maisha, Julai akakiri kosa mahakamani Brooklyn.

Mtu mmoja hawezi kirahisi kuamua timu ishinde au ishindwe. Lakini kutoka uwanjani mapema anaweza peke yake, na "chini" inatimia. Baadaye kampuni za kubeti zilizo washirika wa NBA ziliacha kupokea "chini" kwa wachezaji wenye mikataba midogo kama wa Porter, na naona ni sawa kabisa. Kwa maoni yangu soko lolote la mchezaji wa benchi lingefutwa. Sigusi hayo, hata bei iwe tamu vipi.

Mchangiaji, Columbus
Naunga mkono, mkuu. Tena kwa wachezaji wa benchi wanunuzi ni wachache: unakuta ndiyo inauzwa senti 58, ukitaka kuiuza hapohapo unapewa 49. Senti 9 zimeshakwenda na mpira haujarushwa, bado makato. Mimi naweka oda kwa bei yangu na kusubiri. Kama haijafikiwa hadi mechi inaanza, naifuta na kutazama mpira tu.