Naomba msaada, binamu yangu anasoma AP ya serikali na siasa za Marekani

MtotoWaUyole: Wakuu habari za jioni, nipo Mbeya nimemaliza fomu siksi HGL nasubiri matokeo. Binamu yangu yuko Texas, shule ikifunguliwa mwezi wa nane anaanza hiyo kozi ya AP (Advanced Placement, kozi ya ngazi ya chuo inayosomwa sekondari), kaniomba tuwe tunasoma wote kwa WhatsApp. Nimeanza kuipitia nakwama, inakuwaje mwenye kura chache anakuwa rais? Na je tukariri tu kama GS (General Studies)?

MwlKihesa: Mdogo wangu kukariri hakutawafikisha popote. Mtihani una maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 80, halafu manne ya kujieleza kwa dakika 100, kila sehemu nusu ya maksi. Kwenye hayo manne kuna moja anapewa kesi ya Mahakama ya Juu ambayo hajawahi kuisoma, ailinganishe na aliyosoma, mfano Marbury v. Madison ya 1803 ambapo mahakama ilijipa nguvu ya kufuta sheria inayopingana na katiba. Sasa kama amekariri mwaka na majina tu hapo anaandika nini? Ajue majaji waliamua hivyo KWANINI.

Rungwe_Juu: Hilo la kura, kwetu zinajumlishwa nchi nzima mwenye nyingi ndo rais. Kwao kila jimbo (state) lina wajumbe wake wanaompigia kura rais, idadi ni sawa na ya wabunge wake wa baraza la wawakilishi jumlisha maseneta 2, Texas kwa mfano wanao 40, jumla yao nchi nzima 538 na anayefikisha 270 kashinda. Karibu majimbo yote ukishinda hata kwa kura moja unabeba wajumbe wote (Maine na Nebraska ndo tofauti), ndo maana 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kura kama milioni 3 za wananchi na bado urais ukaenda kwa Trump.

MtotoWaUyole: Daah hapo nimekupata mkuu, asante sana. Na mawaziri wao ni wabunge wa jimbo gani?

MwlKihesa: Hapo wengi wa huku tunateleza. Kwetu waziri lazima awe mbunge, kwao hairuhusiwi kabisa kushika vyote viwili. Huyohuyo Clinton alikuwa seneta wa New York, 2009 Obama alipomfanya waziri wa mambo ya nje ikabidi aachie useneta. Anzeni na katiba yao yenyewe, ni fupi, ibara 7 na marekebisho 27, mnaimaliza jioni moja, vitini baadaye.