Naomba ushauri: harusi ya mdogo wangu, mzee anataka Sikinde, vijana wanataka singeli

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu anaoa mwezi ujao na kamati imeniachia mimi suala la DJ. Mzee wetu ni mtu wa muziki wa dansi: bendi ya Msondo tangu ikiitwa NUTA Jazz, na bendi ya Sikinde iliyoanza 1978. Vijana wanataka singeli mwanzo mwisho. Mimi ni wa Bongo Fleva ya miaka ya 2000 mwanzoni, ambayo mzee aliiita kelele, na leo wadogo zangu wanaiita zilipendwa. Haya.

Kwenye send-off ya binamu yetu DJ alipiga dansi, wazee wakainuka taratibu, mara akaukata wimbo kabla haujafika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka. Wakarudi kukaa wamenuna. Muziki ule unaanza polepole, utamu uko mwishoni magitaa yanapochanganya. Singeli haina subira hiyo, inakimbia tangu sekunde ya kwanza.

Sasa, niwape wazee saa yao nzima kabla ya chakula, au nichanganye? Na kukodi bendi ndogo ipige nusu saa tu, kwa Dar bei ikoje? (Taarabu ya mashangazi haina mjadala, ipo.)