Vitz RS 1.5 ya gia ya mkono: seti ya turbo ya mtandaoni, vipande vya mtumba au injini ya Starlet? (Nakuru)

MtuWaLanet
Wakuu, habari za jioni. Nina Vitz RS ya 2008, injini 1NZ-FE, gia tano za mkono. Naishi Nakuru na mara nyingi naenda Eldoret kuwaona wazazi. Nikishapita Salgaa na kuanza kupanda Mau Summit, gari linaishiwa pumzi, nakwama gia ya tatu nyuma ya malori. Sitaki mashindano. Nataka nguvu ya kulipita lori haraka na kurudi upande wangu salama.

Nimeona njia tatu: niagize mtandaoni seti nzima ya turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada), nikusanye vipande vya mtumba na fundi avipachike, au nitoe injini niweke ile ya Starlet ya turbo. Mfuko ni laki tatu pamoja na ufundi. Mngenishauri nini, na ni vifaa gani visivyoweza kukosekana?

FundiKibuye
Karibu. Niko Kisumu, kazi hizi nazifanya.

Seti za bei nafuu huja na turbo, manifoldi (bomba la moshi linaloshika turbo), intakula (kipoza hewa), mabomba ya aluminiamu na hozi za silikoni. Ukifungua kasha unaona gari limeshamalizika. Lakini angalia kisichokuwemo: injekta (za kunyunyizia petroli) hakuna, pampu ya petroli hakuna, kompyuta ya kuiambia injini kwamba sasa kuna hewa ya ziada hakuna. Hewa ikizidi petroli isizidi, injini inagonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla ya wakati, na pistoni ya 1NZ haivumilii kugonga kwa muda mrefu. Kompresheni yake, yaani kiasi inavyobana hewa ndani ya silinda, ni 10.5 kwa 1, iko juu kwa injini ya kusukumiwa hewa. Kwa hiyo mimi pesa naigawa kinyume na watu wengi: mfumo wa petroli na kompyuta kwanza, turbo baadaye.

Hesabu ya injekta ni hii. Tuseme unalenga farasi 150, ambazo ndizo TRD, kitengo cha michezo cha Toyota, walizitoa kwenye Vitz yao ya turbo kule Japani. Injini ya turbo inakula kama ratili 0.6 za petroli kwa kila farasi kwa saa, yaani ratili 90. Gawa kwa silinda nne, kisha acha nafasi ili injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Unapata injekta za cc 280 kwa dakika. Nunua za 300 na kitu, mpya, si za mtumba. Pampu ya ndani ya tangi nayo ibadilishwe.

Kompyuta: kuna ya kupachikwa juu ya ile ya kiwanda ikiidanganya, na kuna inayojitegemea. Ya kupachikwa ni rahisi na inatosha kwa presha ndogo. Vyovyote utakavyochagua, funga sensa pana ya oksijeni yenye geji yake mbele ya macho yako. Ukitembea polepole mchanganyiko ni 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Turbo ikisukuma, unataka 11.5 hadi 12. Ukiona 13 na mguu uko chini, achia mara moja.

Plagi ziwe baridi kwa daraja moja, na nafasi uipunguze kutoka 1.1 hadi milimita 0.7, la sivyo cheche inazimwa na presha.

MajaniChai
Naongeza jambo moja ambalo sisi wa nyanda za juu tunalisahau. Nakuru iko karibu mita 1,850. Presha ya hewa hapo ni psi 11.8 (ratili kwa inchi ya mraba), wakati pwani ni 14.7. Ina maana farasi 110 za Vitz yako zilizoandikwa Japani, hapo Lanet ni kama 88. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, umebaki na psi 10.5 hivi. Gari lako halina ugonjwa, limekosa hewa.

Kwa hiyo usikimbilie psi 12. Ukisukuma 6 tu, jumla inakuwa 17.8, na hapo Nakuru unakaribia farasi 130. Hilo ni badiliko kubwa mno kwa kigari cha kilo elfu moja na ushee.

Ila kuwa makini ukiteremka. Kisumu ni psi 12.8. Turbo ileile, springi ileile ya westigeti (vali inayodhibiti presha ya turbo), sasa jumla ni 18.8, na joto la ziwa juu yake. Gari lililotiuniwa Nakuru kwa kubahatisha linaweza kuanza kugonga ukifika Ahero. Mwambie anayetiuni atumie sensa inayosoma presha kamili, na aache akiba kwa ajili ya mabondeni.

MtuWaLanet
Asante sana kaka, hili la Kisumu sikulijua kabisa. Na injini ya Starlet?

ZamaniStarlet
Nimeiendesha na naipenda kwa moyo wote. 4E-FTE ni ya 1.3, farasi 135, kompresheni ya chini iliyopangwa kwa ajili ya turbo tangu kiwandani. Lakini uzalishaji wake uliisha 1999. Utakayoipata ni mzee, na ndani ya Vitz utahitaji maunti (vishikio vya injini), gia, waya na ekseli. Chini ya mizunguko 3,000 ni nzito kuliko 1NZ uliyo nayo, na ukipanda mlima, mizunguko hiyo ya chini ndiyo unayoitumia. Halafu namba ya injini ikibadilika, lazima NTSA (mamlaka ya usafiri) wabadilishe kwenye logibuku. Kwa safari zako, hapana.

DadaWaMilimani
Samahani kuingilia, je, kuuza umefikiria? Swift Sport ya 1.4 turbo, ZC33S, ina farasi 140 na nyutoni-mita 230 kuanzia mizunguko 2,500, na kila kitu kimepangwa na kiwanda. Za miaka inayokubaliwa na ile sheria ya kuagiza ya miaka 8 zipo. Itabidi uongeze pesa nyingi, hilo ni kweli. Ila ukibaki na Vitz, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Ajali ikitokea wakakuta turbo wasiyoijua, wana sababu ya kukataa fidia.

FundiKibuye
Dada amesema kweli. Kama pesa ingekuwepo ningemtuma huko.

Kwa laki tatu nachagua mchanganyiko: turbo ya mtumba, vifaa vya petroli na kompyuta vipya. Tafuta TD04, zile za Subaru Forester. Zipo nyingi na saizi inafaa 1.5. Shika mhimili: ukicheza kidogo pembeni si neno, ukicheza kwenda mbele na nyuma iache hapohapo dukani. Klachi na pedi za breki ziwe nzuri kabla ya siku ya kwanza.

MtuWaLanet
Nimeelewa, naanza na kupima kompresheni ya silinda zote. Manifoldi nichongeshe au ninunue? Na oili inarudi vipi?

FundiKibuye
Chongesha kwa bomba la chuma nene, flanji ya milimita 12. Zile nyembamba za kung'aa hupasuka kwa joto.

Bomba la kurudisha oili liwe pana na literemke njia nzima, liingie sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likipanda popote, oili inarudi nyuma na utatoa moshi wa bluu. Sampu ivuliwe kabisa ndipo itobolewe, chembe za chuma zisibaki ndani. Baada ya wiki ya kwanza, injini ikiwa baridi, kaza tena nati zote za manifoldi.