Boga moja, watoto 23: mnafundishaje darasa la kwanza kwa vitendo majira haya ya majani kupukutika?

MwlWaMuheza_Minnesota

Habari za leo jamani. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis. Mwaka wa nne huu kushika darasa peke yangu, kabla ya hapo nilikuwa msaidizi. Nina watoto 23, na sita kati yao nyumbani kwao wanaongea Kiswahili: wawili wazazi wao Wakenya, wanne wametoka Kongo. Mmoja wa hao wanne kafika mwezi wa nane tu.

Kabla sijauliza, hili neno. Kamusi zinayaita majira haya "vuli". Nikamwandikia mama mmoja kwamba wiki hii tunajifunza mambo ya vuli, akanijibu, "Mvua zimeanza huko?" Tangu siku hiyo nasema majira ya majani kupukutika. Refu, lakini halimwamshi mtu kutafuta jembe.

Sasa, kila Oktoba shule nzima inageuka majani, maepo na maboga. (Naandika maepo makusudi. Kwetu Tanga ukisema tufaa mtu anafikiria lile tunda jekundu la majimaji, siyo hili.) Majani sina shida nayo. Tunatoka nje, kila mtoto na mfuko wake wa karatasi, anaokota majani kumi. Siyo tisa, siyo kumi na moja, kwa sababu makumi na mamoja ndiyo somo letu la muhula huu. Wanapanga kwa rangi, halafu wanavuruga na kupanga tena kwa kingo: yenye meno huku, yasiyo na meno kule. Kisha jani linalazwa chini ya karatasi, mishipa juu, krayoni inalazwa ubavu na kusuguliwa mpaka jani litokee.

Linalowashika zaidi ni la spiriti. Tunachanachana majani ambayo bado ni mabichi, tunaponda kwenye glasi, spiriti naimwaga mwenyewe, glasi inakaa kwenye beseni la maji ya moto. Unatumbukiza ncha ya kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa na kusubiri kama saa moja. Rangi zinapanda karatasi na kuachana: kijani, na njano kando yake. Ile njano ilikuwemo siku zote, imefunikwa na klorofili. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinakwisha, njano inaonekana. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo miti mingi huitengeneza wakati huu huu kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani. Mtoto mmoja alisema njano ilikuwa inacheza kibemasa, ule mchezo wa kujificha. Sikuongeza neno.

Shida yangu ni boga. Ijumaa nilileta moja kubwa, ratili 14, nikalikata kifuniko, watoto wamelizunguka kwenye zulia. Nikasema kila mmoja aingize mkono. Nusu wakakunja pua. Yule mgeni, ambaye kwa wiki sita hajatoa sauti zaidi ya "ndiyo" kwa kichwa, akakunja mikono ya sweta, akaingiza mkono hadi kiwiko, akatoa utumbo wote kwa mpigo mmoja na kutenga mbegu na nyuzi haraka kuliko mimi. Halafu akachukua mbegu moja, akaipasua kwa meno, ganda akatemea kiganjani. Msaidizi wangu akamrukia, maana chakula darasani kina kanuni. Mtoto akarudisha mikono mfukoni na haikutoka tena siku hiyo.

Jioni mama yake alikuja kumchukua. Akaona maganda ya boga kwenye pipa. "Mwalimu, juu ya nini munatupa chakula?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimekuzwa na boga la nazi wakati wa futari, na msusa, yaani majani yake, siku za kawaida. Marehemu bibi angeliona lile pipa ningechezea fimbo na ualimu wangu.

Kupika darasani hairuhusiwi, wala kuleta cha kupikwa nyumbani. Kinacholiwa ni cha dukani kilichofungwa tu, kwa sababu ya watoto wenye mzio. Basi niliache boga kabisa? Nyie mnafanyaje ili watoto washike, chakula kisitupwe, na yule kijana atoe mikono mfukoni?

Barobaro_wa_GMboto

Dada, huku darasa la kwanza mtoto anakaa chini anaandikia magotini. Nyie mnalia boga limetupwa. Litume hilo boga.

MwlWaMuheza_Minnesota

Ningelituma kaka, posta ingekufikishia mboji.

BiMwalimu_Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha darasa la kwanza miaka 31 hapa Korogwe, mara nyingi mkondo mmoja wa watoto tisini na zaidi. Nikuambie ukweli bila kukupaka mafuta. Boga halina kosa. Kosa ni kwamba boga lilikuwa moja tu. Mwalimu akishika kisu na watoto 23 wakamzunguka, hayo siyo vitendo, hiyo ni sinema. Wachache wanagusa, wengine wanangoja zamu, na anayengoja zamu ndiye anayekunja pua.

Mimi sikuwa na hela ya zana. Kila mtoto alileta vizibo kumi vya soda, tukavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye waya. Njiti za ufagio tulifunga kumi kumi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukitaka 34, unainua mafungu matatu na njiti nne. Mtoto aliyefunga fungu lake mwenyewe humdanganyi kwamba tatu hapo ni tatu tu. Kokwa za kungu nazo zilikuwa vihesabio vizuri, ila zilikuwa zinaliwa.

Kwa hiyo nunua madogo, matano au sita, kila kikundi na lake. Na usikimbilie kisu. Kabla hujakata kuna kazi ya siku nzima. Waulize: tukilitia kwenye ndoo ya maji litazama au litaelea? Wape uzi, kila mtu akate urefu anaodhani utazunguka tumbo la boga, ndipo wajaribu. Watakata mirefu kupita kiasi, utacheka. Ndipo ukate, na mbegu wazipange kumi kumi kwenye vikombe.

Kuhusu huyo mtoto: usimsifu mbele ya wenzake, atajificha zaidi. Mpe kazi. Awe mkuu wa mbegu, vikundi vyote vimpelekee zao azikague.

Na hayo majani, mbona hujawaambia habari ya mti wa mkungu? Pale Muheza hukuuona? Unageuka mwekundu jani kwa jani na kupukutisha wakati jua linachoma mawe. Waulize watoto wako: huko hakuna baridi, kwa nini mti umeangusha majani?

MwlWaMuheza_Minnesota

Shikamoo Bi Mwalimu. Sinema imeniingia. Mkungu ulikuwepo nyuma ya darasa letu, nimeufagilia majani miaka saba na sikuwahi kuukumbuka mpaka leo.

OmoshLowell

Mwalimu hongera kwa kazi. Mimi si mwalimu, mimi ni fundi wa stima huku Massachusetts, lakini binti yangu yuko gredi ya kwanza na tulifanya kitu ambacho hakimalizi pesa wala chakula: kivuli.

Chukua chaki, chora nyayo za mtoto kwenye lami ili asimame palepale kila mara. Mwenzake achore kivuli kinapoishia. Pimeni kwa nyayo, andikeni. Rudieni kila wiki. Wewe uko karibu kabisa na digrii 45 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mwisho wa Septemba, jua likiwa juu kabisa, kivuli kinalingana na kimo cha mtoto mwenyewe. Kufika katikati ya Novemba kimekuwa mara mbili. Hapa kwetu kusini kidogo, mara mbili inafika mwisho wa Novemba.

Jambo moja tu, na mimi lilinikosesha mara ya kwanza: saa. Kabla ya saa kurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, jua kwenu linafika juu kabisa kama saa saba mchana. Baada ya hapo ni saa sita. Ukipima saa ileile ya ukutani vipimo vitakuchanganya.

Binti yangu aliniuliza kwa nini naita saa moja asubuhi na nje bado ni giza. Nilimwambia saa zetu zilihesabiwa mahali ambapo jua haliringi. Akampigia nyanya yake Kakamega kuhakikisha.

MwlWaMuheza_Minnesota

Omosh hii naichukua. Kufupika kwa mchana mimi nilikuwa nawaonyesha kwa picha! Na kwetu Muheza mwanzoni mwa Oktoba saa sita mchana kivuli unakikanyaga.

MamaFuraha_Louisville

Jambo mwalimu. Yule mama nimemusikia sana. Mimi natoka Uvira, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 11. Kule boga haiko kitu ya kuchezea, boga moja ni watu nane wamelala wameshiba. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliona kwa milango ya watu maboga yamechongwa sura za kutisha, yanaoza, nilifikiri hii mtaa iko na uchawi. Nilipita upande mwingine wa barabara.

Lakini mimi sikatazi mtoto kushika. Nakataza kutupa. Umesema sheria inakataza kula na kupika pale darasani. Je, inakataza kubeba? Kata boga bichi, kila mtoto mufungie kipande chake kwa mfuko, na karatasi: hii boga tumepima, tumehesabu, sasa pikeni. Sisi mama tutapika. Usinunue yale makubwa ya kuchonga, ni maji tupu, haina utamu. Kuna madogo ya kupikia.

Na zile sura za kutisha, kama shule itafanya, ambia wazazi wiki moja mbele. Wengine kwa imani yetu hatutaki. Usingoje mama aone kwa ukuta.

Barobaro_wa_GMboto

Huyu mama kamaliza uzi. "Inakataza kubeba?" Mwanasheria huyu.

MwlWaMuheza_Minnesota

Narudisha majibu, siku tisa zimepita.

Mkuu wa shule nilimpelekea swali la Mama Furaha kama lilivyo. Akafikiri, akasema boga bichi, halijapikwa, limefungwa, na karatasi kwa mzazi: sawa. Nikanunua madogo sita ya ratili tatu tatu. Kwa pesa nililipa karibu sawa na lile dude moja.

Jumanne ilikuwa ndoo. Watoto 15 walisema litazama, wanane litaelea. Yakaelea yote sita. Binti mmoja hakukubali, akalisukuma chini kwa mikono miwili mara tano, kila mara linamrukia na kumrushia maji usoni. Ndipo akasema, "Ndani hakuna kitu." Hatukuwa tumekata hata moja. Uzi ulikuwa kama Bi Mwalimu alivyosema, kuna aliyekata wa kumzunguka yeye mwenyewe.

Jumatano tukakata. Hakuna aliyekunja pua, hakukuwa na wa kumtazama. Yule kijana nikamwambia kwa Kiswahili, pembeni, kwamba yeye ni mkuu wa mbegu, vikombe vyote vipite kwake. Akakaa mezani kama karani wa pamba. Vikombe vikija anamwaga, anahesabu, anarudisha kimoja: "Tisa." Kwa Kiswahili. Mtoto wa Kimarekani anamwangalia, anaenda kuongeza mbegu. Wamefahamianaje sijui.

Halafu likatokea hili, na ndilo lililonifanya nirudi kuandika. Kikundi kimoja kilikuwa na kikombe kimoja kilichojaa kumi na mbegu tatu kando. Akasema, "Kumi na tatu." Mwenzake Mkenya akawatafsiria wengine neno kwa neno: kumi, na, tatu. Kimya. Halafu mtoto mmoja akapiga meza: "Ameeleza vikombe!" Jamani, nimehangaika mwezi mzima na namba za 11 hadi 19, maana majina yake kwa Kiingereza hayakuonyeshi hiyo kumi iko wapi. Kiswahili kinaitaja waziwazi. Darasa zima sasa linahesabu kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na tisa, wanaimba. Tulipofika ishirini wakauliza kwa nini siyo "makumi mawili". Nikawaambia hilo tulilipata kwa Waarabu, tukaliacha hapo.

Vipande vilikwenda nyumbani Alhamisi, 23. Mama wa yule kijana alinitumia picha ya sufuria: boga na karanga za kusaga. Chini kaandika, "Mbegu tumekaanga."

Boga la sita hatujalikata. Liko dirishani ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko, wanachora kila Ijumaa linavyooza. Limeanza unyoya wa kijivu upande mmoja na mhudumu wa usafi ameshaniuliza mara mbili. Kivuli tunapima kesho saa saba, jua likipatikana.

BiMwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo linalooza likivunda zaidi litoe nje, usimkosanishe mtu na ufagio wake. Na mbegu zilizobaki umezianika?