Mapera yaliyooza: tuyafukie wote siku ya Salongo (kazi ya pamoja ya usafi), ao kila mtu na parseli (kiwanja) yake?

Mkaaji wa Ibanda: Shefu (mkuu) wa avenyu yetu hapa Bukavu anasema Salongo ya Jumamosi hii kila parseli iokote mapera na machungwa yaliyoanguka, yafukiwe chini sana. Atakayekataa, mti wake ukatwe. Eti ni kwa sababu ya nondo fulani mdogo wa usiku. Ni haki? Nina mipera miwili, ya marehemu baba.

Yaya Mandarini: Haki kabisa. Juzi pale soko la Kadutu nilipasua chungwa mbele ya mteja: kadudu kekundu-kekundu, kichwa cha kahawia, kanatembea. Mteja akacheka, akaenda zake. Ninyi wa Ibanda mnaacha matunda yaoze kwa sababu njaa hamuijui.

Mkaaji wa Ibanda: Njaa siijui? Yaya, unanifahamu mimi?

Muzee Kabare: Tuache njaa. Funza wa nzi hana miguu, kichwa hukioni. Huyo wa Yaya ni kiwavi wa nondo. Mama yake anataga yai juu ya ganda, mtoto anatoboa na kuingia. Akishiba anatoka, anashuka kwa kauzi kake hadi udongoni, anageuka nondo huko. Ndiyo maana ya kufukia. Na hachagui: chungwa, pera, avoka, hata pilipili. Ulaya wamemwekea masharti makali kwa matunda yanayoingia kwao, 2018 kama sijakosea.

Kaka Bagira: Ulaya gani, muzee? Machungwa yetu yanaishia Kadutu. Na mpera ukikatwa, si mdudu atahamia kwenye avoka yako?

Muzee Kabare: Sikusema mukate. Nimesema mufukie.

Kaka Bagira: Basi tupande ndimu tu, nasikia humo kiwavi hakui vizuri.

Yaya Mandarini: Ndimu utamuuzia nani beseni nzima, kaka? Na wewe Mkaaji, nakufahamu sana. Geti la bluu, karibu na bomba. Una deni langu la mandarini sita tangu mwezi uliopita.

Mkaaji wa Ibanda: Nne. Mbili zilikuwa na wadudu.

Yaya Mandarini: Wadudu wa mipera yako!

Kaka Bagira: 😂😂 Muzee, kesi hii unaiamuaje?

Muzee Kabare: Shimo liwe la kufika magotini. Mengine mimi simo.

Mkaaji wa Ibanda: Yaya, njoo Jumamosi, nitalipa. Tano.

Yaya Mandarini: Sita.