Trauti wa Mlima Kenya: niombe likizo mwezi gani?

Mgeni wa Mto:
Waungwana, hamjambo. Nilijifunza kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) katika bwawa la kulipia karibu na Limuru, na sasa natamani kuvua mtoni kwa siku 4, ama Mlima Kenya ama Aberdare. Nitaandamana na mjomba wangu mwenye umri wa miaka 67, ambaye magoti yake hayapendi mawe. Kazini naweza kupewa likizo mwishoni mwa Januari, Aprili au Agosti. Maelezo mengi niliyosoma yameandikwa Ulaya na yanahesabu majira ambayo sisi hatuna. Nichague mwezi gani, na mto upi?

Babu wa Ragati:
Mwanangu, Aprili iondoe kabisa. Hiyo ndiyo mvua ya njahi, yaani masika, na mito ya upande wa Kirinyaga na Embu, yaani Thiba, Rupingazi na hata Ragati yangu, hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na trauti, ambaye huwinda kwa macho, hamwoni nzi wako hata umpitishie puani. Mimi hutumia kipimo kimoja tu: nikiingia maji ya magotini nisione ncha ya gambuti yangu, narudi nyumbani. Januari ni bora kwa sababu mvua ya mwere, yaani vuli, imekwisha, maji yametulia, na jua linapasha mto kiasi cha kuwaamsha wadudu. Huku kwetu trauti hula mwaka mzima. Kinachobadilika ni maji, si njaa yake.

Jihadhari na jambo moja ambalo wageni hawaliamini mpaka liwakute. Mvua inaweza kunyesha kule juu kwenye nyika ya mlima nawe umesimama juani, na baada ya muda mfupi mto ukaanza kuleta majani makavu na povu. Ukiyaona majani hayo, toka upande wenye gari lako. Mwaka mmoja nilitoka upande usiofaa, nikalala njaa nikilitazama gari ng'ambo.

Mkazi wa Naro Moru:
Naafikiana na mzee kuhusu Aprili, lakini Januari nayo ina kasoro ambayo hakuitaja. Kwa upande wetu wa magharibi, mito ya Naro Moru na Burguret huvutwa maji mengi ya kunyunyizia mashamba, hivyo kiangazi kikikolea sehemu za chini hubaki vijito vyembamba vyenye maji ya vuguvugu, na trauti hushindwa kupumua vizuri kwa kuwa hewa ndani ya maji hupungua. Itawabidi mpande hadi msituni, juu ya mifereji yote. Agosti inavulika pia, ila upande wa Nyeri kuna ukungu na baridi ya gathano, msimu wetu wa baridi, na mwenye magoti mabovu hataifurahia.

Mgeni wa Mto:
Basi ni Januari. Je, nibebe nzi wa aina gani, na vibali vinapatikana wapi?

Mama Ndoano:
Kabla ya kufungua kisanduku chako, inua jiwe moja kutoka kwenye maji yaendayo kasi na uligeuze. Utakuta mabuu bapa ya kahawia yakikimbilia kivulini, na mengine yaliyojijengea vijumba vya chembe za mchanga, vyembamba kama punje ya mchele. Hicho ndicho chakula cha kila siku, kwa hiyo nzi wa kuzama, wa kahawia, wa ndoano namba 14 au 16, watakufaa kuliko wale wa rangi kali uliozoea bwawani. Bana vijino vya ndoano kwa koleo ili samaki mdogo umrudishe bila kumchana mdomo.

Leseni ya kuvua hutolewa na ofisi ya uvuvi, na kiingilio cha hifadhi au cha msitu hulipwa kando; watu wengi hukata kimoja wakarudishwa langoni. Omba askari wa wanyamapori awasindikize, kwa maana nyati hupenda vichaka vilevile vya ukingoni. Ningeuchagua Mto Gura wa Aberdare, ambako trauti waliletwa mwaka 1905, kama si mjomba: bonde lake lina miteremko mikali. Mtafutieni mahali kwenye Mto Sagana ambapo gari hufika karibu, avue akiwa ukingoni, nawe upande juu peke yako na askari.

Mgeni wa Mto:
Ahsanteni sana. Mjomba anauliza iwapo ni lazima kuamka alfajiri.

Babu wa Ragati:
Mwambie alale. Kabla ya saa tatu asubuhi maji ni baridi mno, wadudu bado hawajatoka, na vidole vya mtu wa umri wetu havifungi fundo.