Gitaa nililounda mwenyewe: nikirudisha sauti hadi sifuri halinyamazi

Mleta uzi:
Wakuu, nawasalimu. Nimemaliza kuunda gitaa la umeme kwa ubao wa mninga, lenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) moja ya koili moja, potenshiometa (kipinga cha kuzungushwa kilicho chini ya kitufe) ya sauti ya kilo-omu 250 na tundu la jeki. Kitufe cha toni sikukiweka. Kitufe cha sauti kikiwa mwisho linalia vizuri, lakini nikikirudisha hadi sifuri sauti hupungua kidogo tu na kuwa nzito, kana kwamba spika imefunikwa blanketi. Waya wa moto wa pikapu upo mguu wa pembeni, mguu wa kati unakwenda kwenye ncha ya jeki, na mguu wa tatu nimeukunja nikaulehemu kwenye kasha la potenshiometa, ambako pia nimekutanisha waya zote za ethi (njia ya kurudi ya ishara). Je, ninunue potenshiometa nyingine?

Mchangiaji wa kwanza:
Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Hilo blanketi ndilo linalonionyesha kwamba mguu wako wa tatu haujafika kwenye ethi, hata kama kwa macho unaonekana umeshika. Mguu huo ukiwa hewani, potenshiometa haigawi tena ishara. Inabaki kuwa ukinzani wa kilo-omu 250 uliosimama njiani kati ya pikapu na ampli (kikuza sauti). Ampli nyingi za gitaa zina ukinzani wa karibu megaomu 1 mlangoni, kwa hiyo unapoteza kama sehemu moja ya tano tu ya ishara, ilhali kebo, ambayo nayo ina tabia ya kapasita (kifaa kinachotunza chaji), inameza sauti nyembamba. Chomoa kebo, kisha pima kwa mita kati ya mguu wa tatu na ethi ya jeki: namba isipokaribia sifuri, kosa umelipata.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ningebadilisha tu. Redio mbovu zina potenshiometa nyingi za bure.

Mchangiaji wa kwanza:
Za redio mara nyingi ni za kilo-omu 10 au 50, nazo zitalifubaza gitaa hata kitufe kikiwa wazi kabisa.

Mchangiaji wa tatu:
Naongezea kuhusu kulehemu, kwa sababu kasha hunyonya joto na pasi ndogo hushindwa kulipasha. Risasi iliyokaa juu kama tone la mviringo haijashika. Likwangue kasha kwa msasa mpaka ling'ae, ulipashe lenyewe kwanza, ndipo ulete risasi. Lakini usikawie, maana joto likizidi huharibu njia ya kaboni iliyomo ndani.

Mleta uzi:
Namba ya mita haikukaribia sifuri, na lile tone la risasi lilibanduka kwa ukucha! Nimelehemu upya na sasa gitaa linanyamaza kabisa. Limebaki jambo moja: kuanzia 10 hadi karibu na 3 sioni tofauti kubwa, kisha sauti inaporomoka ghafla.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo waya hazina kosa. Soma maandishi ya kwenye kasha: B250K kwa kawaida hubadilika kwa mstari ulionyooka, na sikio halisikii hivyo; A250K imepangwa kulifuata sikio, ingawa wapo wapigaji wanaoipenda B.

Mleta uzi:
Ni B. Nitapita Kariakoo Jumamosi kutafuta A, na safari hii nakwenda na msasa.